Howard Stern Aliuza Siri za Mkewe, Mimi Niliuza za Dada

Msomaji wangu, ukitaka kujua kama mtaa bado unakuheshimu, nenda kwenye kibanda cha kuchoma muvi saa kumi na moja jioni, wakati watu wamejaa, halafu mwambie kijana wa pale kwa sauti: "Nitafutie picha moja inaitwa Private Parts."

Mimi nilifanya hivyo hapa kwetu Nyasura. Kijana akaniangalia. Akauliza, "Maana yake nini hiyo, kaka?" Na mimi kwa kiherehere changu cha kidato cha nne nikamtafsiria hapo hapo: "Sehemu za siri."

Kimya! Bodaboda aliyekuwa anachaji simu akageuka. Mama mmoja aliyekuja kununua vocha akavuta kanga yake akasogea pembeni. Kijana akainama, akanong'ona: "Kaka, hizo mchana hatuwekagi. Njoo saa tatu usiku."

Ebo! Nikaanza kujitetea kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani. Nikamwambia hii siyo picha ya aina hiyo, ni vichekesho, inahusu mtangazaji wa redio wa Marekani. Kadiri nilivyoeleza ndivyo watu walivyozidi kuamini kwamba ni ya aina hiyo. Mwishowe akanishushia kutoka mtandaoni, akaniwekea kwenye flashi, akanitoza elfu moja badala ya mia tano. Nadhani mia tano ya pili ilikuwa ya kunyamaza.

Na hakunyamaza. Kesho yake kijiweni nikapokelewa kwa jina jipya, ambalo mhariri wangu hawezi kulichapa.

Sasa kwa nini niliitaka hiyo picha? Kijiweni kulikuwa na ubishi. Mzee mmoja alikuwa anawalaumu watangazaji wa siku hizi kwamba hawana adabu, asubuhi asubuhi wanazungumza mambo ya kitanda wakati watoto wanakunywa chai. Dereva mmoja wa malori, ambaye huwa anapita barabara yetu kwenda Sirari na kurudi Mwanza, akasema hao wa kwetu ni watakatifu, baba yao yuko Marekani, anaitwa Howard Stern, na walimtengenezea picha nzima. Nikaona hapo nimepata makala. Mwandishi wa kujitegemea ni kama kunguru, akisikia watu wanabishana anajua chakula kipo.

Sikujua kwamba picha ile ingenirudia mimi mwenyewe.

Kabla sijaieleza, lazima nikueleze hali ya nyumbani.

Naishi na mama, dada yangu mkubwa, na mtoto wa dada mwenye miaka tisa. Dada alirudi nyumbani mwaka jana baada ya ndoa kumshinda. Upande wa mume wakadai ng'ombe wao. Hiyo ndiyo desturi, mkoa wetu wa Mara unajulikana, mahari ni ng'ombe na ng'ombe ni kesi. Sasa kasheshe ikawa hivi: ng'ombe wenyewe hawakuwepo tena. Mmoja alikufa. Wawili walienda kwa kaka yetu alipooa. Na mmoja aliuzwa nikiwa kidato cha pili, enzi hizo sekondari bado ni ada, maana ilikuja kufutwa mwaka 2016 nikiwa nimefika cha nne.

Kwa hiyo wajumbe walipokuja kudai, mzee mmoja wao alinionyesha kidole akasema, "Mmoja ni huyu hapa amekaa."

Msomaji, ungekuwa wewe ungefanyaje? Mimi niliandika. Nilikaa usiku huo huo nikaandika makala kwamba mimi ni ng'ombe niliyesoma hadi kidato cha nne, na kwamba dada karudi lakini ng'ombe hawarudi. Nikaeleza jinsi dada alivyoshuka kwenye basi na ndoo, godoro na mtoto. Nikaeleza maneno aliyomwambia mumewe siku ya mwisho, ambayo alimwambia mama jikoni na mimi nikayasikia kupitia dirishani. Jina sikutaja. Nikajiona mjanja.

Makala ilipendwa. Mhariri alinipigia simu mwenyewe, jambo ambalo huwa halifanyi. Nikalipwa elfu ishirini.

Dada aliipata saluni. Kuna binti alikuwa anaisoma kwa sauti, watu wanacheka, wanafunga tumbo. Ilipofika kwenye ndoo na godoro, mmoja akasema, "Huyu si yule wa hapa Nyasura?" Wote wakageuka. Dada alikuwa amekaa chini ya mashine ya kukausha nywele, hawezi hata kuondoka.

Tangu siku hiyo akaacha kuongea na mimi. Miezi mitatu. Hakunitukana, hakunigombeza, hakunisema kwa mama. Alinifungia tu matangazo. Kama kuna la kusema, analipitisha kwa mtoto: "Mwambie mjomba wako chakula kiko tayari." Na mimi nimekaa pale pale, hatua mbili! Mtoto naye ananigeukia kwa heshima zote, "Mjomba, mama anasema chakula kiko tayari." Nami najibu, "Mwambie mama yako nimeshukuru." Yule mtoto akikua akawa mtangazaji msishangae, mazoezi alianza mapema.

Hiyo ndiyo ilikuwa hali siku niliyochomeka flashi kwenye TV.

Ilikuwa saa tatu usiku. Mama kalala, mtoto kalala. Dada alikuwa sebuleni anachambua dagaa kwenye ungo kwa ajili ya kuuza kesho yake. Nilitaka aondoke, hakuondoka. Nikaona basi, picha ni ya Kizungu, hana habari nayo, dada yangu aliishia darasa la saba.

Picha inaanza na Howard Stern mwenyewe. Ndiyo, anajiigiza mwenyewe, na wenzake wengi wa redioni nao wanajiigiza. Anatokea kwenye sherehe za tuzo za MTV za mwaka 1992 akiwa amevaa kama shujaa anayeitwa Fartman, yaani tuseme Bwana Ushuzi, suruali imekatwa nyuma matako yote nje. Hiyo ilitokea kweli, siyo ya kutunga. Wasanii wakubwa wanamwangalia kama mtu aliyekanyaga kinyesi na kuingia nacho msikitini.

Nikasikia sauti nyuma yangu: "Huyo mtu mzima kavaa nini?"

Nilishtuka mpaka rimoti ikaanguka. Hayo yalikuwa maneno ya kwanza ya dada kwangu kwa miezi mitatu. Mtoto alikuwa amelala, redio ya kati haipo, ikabidi aongee mwenyewe.

Nikajibu kwa adabu zote, "Ni mtangazaji, dada."

"Mtangazaji wa nini?"

Ndipo nikaanza kazi ya kutafsiri. Unawakumbuka akina Lufufu, wale mabingwa wanaoingiza sauti ya Kiswahili kwenye picha za kigeni, mpaka Mchina anaongea kama mtu wa Manzese? Ndiyo kazi niliyopewa usiku ule. Ila Lufufu hatafsirii dada yake mkubwa! Mle ndani kuna maneno, msomaji, na kuna wanawake wasio na nguo. Kila yakifika nasema, "Hapa wanaongea mambo ya watu wazima." Dada akanijibu bila kuinua macho kwenye dagaa: "Mimi nina mtoto wa miaka tisa. Wewe ndiye mtoto hapa. Tafsiri."

Basi nikatafsiri. Na wewe nikutafsirie kidogo.

Howard Stern alizaliwa New York mwaka 1954. Baba yake alikuwa fundi wa redio, mtu mkali, na kwenye picha kazi yake kubwa ni kumwambia mwanawe kwamba ni mjinga. Kijana anakua mrefu, mwembamba, pua ndefu, hana bahati na wasichana. Anataka jambo moja tu, kuwa redioni. Chuoni Boston anapata nafasi kwenye redio ya wanafunzi na anaboronga. Hapo hapo chuoni anampata Alison, msichana mpole, anakuwa mke wake. Mwigizaji aliyemcheza Alison ni Mary McCormack, na nakuambia yeye ndiye roho ya picha.

Baada ya chuo anahangaika. Kituo kidogo nje ya New York, kisha Hartford anakokutana na Fred Norris, kisha Detroit. Kote huko anatangaza kama wanavyotangaza wengine, sauti nzito ya bandia, maneno ya kukariri. Hakuna anayemjali. Detroit kituo kinaamka siku moja kimekuwa cha muziki wa kantri, na yeye anatakiwa awe kama mchunga ng'ombe. Dada hapo alicheka kidogo puani. Nadhani alimkumbuka ng'ombe mwingine.

Kisha anaamua, basi, kuanzia leo nitasema ukweli. Nikiwa na hofu nitasema nina hofu. Nikigombana na mke nitasema tumegombana. Nikiwaza uchafu nitasema uchafu. Anakwenda Washington mwaka 1981, anapewa mwenzake wa kusoma habari, Robin Quivers, mwanamke mweusi aliyekuwa muuguzi katika jeshi la anga la Marekani. Na hapo redio inawaka moto. Mwaka 1982 WNBC ya New York wanamchukua, na wakubwa wanagundua wamenunua mbuzi kwenye gunia. Bosi mmoja, aliyechezwa na Paul Giamatti, anapewa kazi ya kumfuga. Howard anampa jina, Matapishi ya Nguruwe.

Kuna mahali bosi huyo anamfundisha kutamka jina la kituo, W-N-B-C, avute hiyo N iende juu ishuke chini. Anarudia, anarudia, jasho linamtoka. Dada aliacha dagaa kabisa. Akacheka mpaka akashika ungo usimwagike. "Kama mwalimu mkuu wetu na wimbo wa shule," akasema. Msomaji, nilitaka kulia. Miezi mitatu sijasikia kicheko hicho.

Sasa kuna tukio moja ndani ya picha ambalo kila anayeandika, anayetangaza au anayekaa kijiweni lazima alitafakari. Mtafiti wa wasikilizaji analeta hesabu kwa bosi. Msikilizaji wa kawaida wa redio anasikiliza dakika 18 kwa siku. Anayempenda Howard anasikiliza saa 1 na dakika 20. Kwa nini? Wengi wanasema wanataka kujua atasema nini baadaye. Haya, na wanaomchukia? Wanasikiliza saa 2 na nusu. Kwa nini? Sababu ni ile ile, wanataka kujua atasema nini baadaye.

Niliisimamisha picha hapo nikaiangalia dari. Kumbe ndiyo biashara yenyewe. Yule mzee wa kijiweni anayelaumu watangazaji, mbona anajua kila neno walilosema? Kwa sababu hakosi hata siku moja. Majirani zetu Wakenya wana kipindi cha Patanisho, Radio Jambo, cha Gidi na Ghost. Gidi ni yule wa kundi la Gidi Gidi Maji Maji, na Ghost Mulee aliwahi kuifundisha Harambee Stars. Mtu anapiga simu anaomba apatanishwe na mke au mume, wanampigia mwenzake, yule anajibu hewani nchi nzima ikisikia. Wengine wanasameheana. Wengine ndiyo wanamwaga yote, fulani alikutwa wapi, na nani, amevaa nini. Vipande vyake vinafika hadi huku kwetu kwenye simu. Tunasikiliza na ndugu zetu, tunasema "jamani, aibu gani hii," halafu tunatuma kwa mwingine.

Mama yangu hakulelewa na redio za namna hiyo. Yeye ni wa kizazi cha Radio Tanzania, redio moja nchi nzima, betri zikichoka zinaanikwa juani zipate nguvu kidogo. Alicheka na Pwagu na Pwaguzi. Na mtangazaji wake hadi leo ni hayati Julius Nyaisanga, Uncle J, mtu wetu wa Mara, wa Tarime, aliyetamba Radio Tanzania, baadaye Radio One, akamalizia Abood kule Morogoro hadi alipofariki Oktoba 2013. Mama anasema Uncle J alikuwa akiingia nyumbani kwako kwa kubisha hodi. Wa sasa, anasema, wanaingia kwa kuvunja mlango, na ukiwauliza wanakwambia mbona ulikuwa umelala uchi.

Sikuwahi kumwelewa vizuri mama mpaka usiku ule.

Maana ilifika sehemu moja. Howard yuko Washington, jina limeanza kukua. Alison ni mjamzito, wamefurahi. Halafu mimba inaharibika. Wanalia wote wawili nyumbani. Na kisha Howard anaingia studio, anawasha maiki, analisema jambo hilo hewani na kulifanyia utani. Wenzake wanacheka. Alison anasikia.

Nilikuwa natafsiri kwa kasi yangu ya kawaida. Hapo ulimi ukawa mzito. Nilisema tu, "Amesema hewani. Mke amesikia."

Dada akasema, "Rudisha nyuma."

Nikarudisha. Akatazama tena. Hakuwa anamwangalia Howard, alikuwa anauangalia uso wa yule mke. Akasema tena, "Rudisha." Mara ya tatu akaniuliza swali ambalo bado liko kichwani kwangu ninapoandika hapa:

"Na huyo mke alilipwa shilingi ngapi?"

Sikuwa na jibu. Ninachojua ni kwamba mume alilipwa. Kitabu chake chenye jina hilo hilo kilitoka mwaka 1993 na kikauzwa kama maandazi. Picha ilitoka Machi 1997, imeongozwa na mwanamke, Betty Thomas, wiki ya kwanza ikashika namba moja Marekani, na huko huko kwao ikaingiza zaidi ya dola milioni 40. Serikali yao kupitia tume ya mawasiliano, FCC, iliwasumbua sana kwa faini. Mwaka 1995 kampuni iliyomrusha hewani ilikubali kulipa dola milioni 1.7 kumaliza mashauri. Hizo zilikwenda serikalini kwa sababu masikio ya taifa yalikuwa yamechafuliwa. Wasikilizaji walikuwa na wa kuwasemea. Mke aliyesikia msiba wake ukichekwa, tume yake ipo wapi?

Kwenye picha Alison anakasirika, kisha anasamehe. Mwishoni wanapata mtoto, AC/DC wanapiga gitaa, watu wanashangilia, Howard ni namba moja New York. Mwisho mtamu. Lakini picha iliishia 1997, maisha yakaendelea. Mwaka 1999 Howard na Alison walitengana, mwaka 2001 ndoa ikavunjika rasmi, wakiwa na mabinti watatu. Sisemi ilivunjika kwa sababu ya redio. Ndoa ya mtu huijui, na tukio la dirishani limenifundisha kwamba hata ukiisikia bado huijui. Nasema tu kwamba ukiijua habari hiyo, ule mwisho mtamu unaonja chumvi kidogo.

Howard mwenyewe alizeeka akabadilika. Mwaka 2006 alihamia redio ya satelaiti, Sirius, ambako FCC haimgusi, na ungetegemea hapo ndiyo afungulie mabomba yote. Ikawa kinyume. Mwaka 2019 alitoa kitabu cha mahojiano yake, na humo anakiri kuona aibu kwa jinsi alivyowafanyia baadhi ya wageni wake zamani. Mmoja wao ni mchekeshaji Robin Williams, ambaye alitaka kumwomba radhi, lakini Williams akafariki mwaka 2014 kabla hajamwomba.

Hilo nililisoma baadaye. Usiku ule nilikuwa na mtu wangu hai, amekaa nyuma yangu na ungo wa dagaa.

Nikageuka nikamwambia, "Dada, mimi nililipwa elfu ishirini."

Akasema, "Najua. Ulinunua viatu."

Ni kweli, nilinunua viatu. Nilikuwa nimevivaa.

Hapo sikutafuta maneno ya kuremba. Nilimwomba radhi. Nikataka kujitetea kwamba sikutaja jina, akanikatiza: "Nyasura nzima ilitaja, wewe ulibakiza herufi tu." Nikataka kusema kwamba makala ilikuwa na ukweli mtupu, nikajizuia, kwa maana huo ndio ulikuwa utetezi wa Howard. Kosa langu halikuwa uongo. Kosa langu lilikuwa kwamba ule ukweli haukuwa wangu.

Nifafanue hapa, msomaji, usije ukadhani nimeokoka nikawa mhubiri. Mimi bado nampenda yule mrefu mwenye pua. Alipokuwa anaiga wenzake hakuwa kitu, alipoanza kujivua nguo yeye mwenyewe akawa mtu. Akisema mwili wake una kasoro, baba yake hakumpenda, ana wivu, ana woga, hapo nacheka na namheshimu, kwa sababu anayevuliwa ni yeye na anayevua ni yeye. Ubaya unaanza pale nguo zake zinapokwisha na onyesho bado halijaisha. Ndipo anapomgeukia mkewe.

Wazee wamesema nguo ya kuazima haisitiri matako. Mimi nimejifunza nyingine: siri ya kuazima hata haijaazimwa, ilichukuliwa dirishani.

Tukaimaliza picha. Dada akanieleza jambo moja kuhusu ile ndoa yake, jambo ambalo mama analijua na mimi sikulijua, na ambalo kama ningelijua nisingeandika hata mstari mmoja wa kuchekesha kuhusu ndoo na godoro. Tulikaa hadi saa saba usiku. Dagaa wakachambuliwa na sisi wawili.

Asubuhi mtoto akaamka, akakuta chai mezani, akanigeukia kwa ukakamavu wake: "Mjomba, mama anasema..." Dada akamwambia, "Acha, nitamwambia mwenyewe." Mtoto akanung'unika. Kapoteza kazi.

Masharti niliyopewa ni mawili. La kwanza, nikiandika lolote linalomhusu mtu wa nyumba hii, nimsomee mwenyewe kwanza, kwa sauti, amekaa, anaona uso wangu. La pili, malipo tunagawana nusu kwa nusu. Nikamwambia hata Howard hakupewa masharti hayo. Akasema, "Ndiyo maana."

Kwa hiyo makala hii unayoisoma ilisomwa kwanza Nyasura, sebuleni kwetu, mbele ya mhariri mkali kuliko wa gazeti. Nilitegemea atakata habari za ng'ombe. Hakukata. Alisema, "Ng'ombe waache, wanachekesha kweli, na yule mzee aliyekuonyesha kidole hakukosea." Habari ya saluni aliniongezea mwenyewe, ile mashine ya kukausha nywele sikuwa nayo. Alikataa neno moja nililomweleza nalo, nikalitoa. Akanirekebisha pia kwamba hakuja na godoro moja, yalikuwa mawili.

Na ile habari aliyonieleza usiku ule nilikuwa nimeiandika hapa, aya moja ndefu. Ndiyo ilikuwa aya nzuri kuliko zote, nakuapia. Ungeisoma ungeniandikia barua. Nilipofika hapo akanyamaza, akanyoosha mkono, akasema hiyo itoke.

Imetoka. Elfu kumi yake nimeshampa.